Risasi za Idi

Mimi mdaku, tena si wa leo. Kampala nilikokulia udaku wangu ulikosa kazi, maana huko swali lilikatazwa kabla halijatoka mdomoni. Jua likizama milio ya risasi inaanza, mama anatukusanya nyuma ya kabati la nguo, na ukiuliza nani anampiga nani unafinywa paja. Ba'mdogo, ndugu yake baba, alitoka kumfungulia askari aliyegonga geti. Hatukumwona tena. Basi baba akauza alichoweza, tukaja Ibra, Uarabuni, kwa jamaa zake, ambao mimi nikiwajua kwa picha tu.

Miaka ya sabini hiyo, na Ibra ilinishangaza kila siku. Milango wazi mchana kutwa. Mtu anakatiza uani kwako kwenda kuchota maji kwenye falaji, mfereji wa mji mzima, hana wasiwasi hata chembe. Sisi peke yetu tulijifungia, hata majirani wakatuuliza kwa adabu kama tuna mgonjwa ndani.

Ikaja Idi yetu ya kwanza. Baba alikwenda kusali uwanjani na wanaume wenzake, mama akabaki jikoni anaponda harisi ya ngano na nyama. Mara pa! pa! pa! Mama akautupa mwiko, akatukokota chumbani, tukajibanza ukutani.

Hakuna aliyekuwa ametwambia kwamba Ibra watu wakitoka kusali hupiga bunduki hewani kwa furaha. Wao walidhani ni jambo linalojulikana dunia nzima. (Baadaye nilimuuliza bibi wa jirani risasi hizo zinaangukia wapi. Akacheka: "Zikirudi zishachoka, mwanangu." Jibu hilo halijanitosha mpaka leo.)

Nikatega sikio. Kulikuwa na ngoma, na watu wakiimba.

"Mama, mbona hapana anayelia?"

"Nyamaza. Baba yako yuko huko huko."

Akanifinya paja. Hapo ndipo na mimi nikaogopa, lakini macho hayakunitulia, nikachungulia dirishani. Wanaume walikuwa wanashuka njiani, wengine wakirusha panga juu na kuzidaka. Mmoja akajitenga nao, kanzu mpya, kilemba kizito, bunduki begani. Akaja moja kwa moja mpaka kwetu, akagonga.

Mama alisogea mlangoni kwa magoti.

"Afande," alisema, "chukua chochote unachotaka. Watoto tu niachie."

"Mama watoto, ni mimi. Fungua."

Ilikuwa sauti ya baba, mama akaijua, na bado hakufungua. Kampala askari walikuwa wakimleta mtu mpaka kwake, wanamlazimisha aite, na mtutu umemgusa mgongoni.

"Uko na nani?" mama akauliza, jicho kwenye ufa wa mlango.

Baba mwenyewe Kampala alivaa suruali na shati siku zote. Kumbe jamaa zake ndio waliomvisha vile na kumwazima bunduki, kumpa heshima ya mtoto aliyerudi kwao. Nilimwona akiilaza bunduki mchangani na kuisukuma mbali kwa mguu. Akavua kilemba. Mwanamume wa Ibra havui kilemba njiani, seuze siku ya Idi, mbele ya wajomba na ami zake. Baba alibaki na upara wake wazi, akainua mikono, akajigeuza polepole ili mama aone kwamba nyuma yake hapana mtu. Wale wengine wakaacha kuimba. Hapana aliyecheka, nami niliwapenda kwa hilo.

Mama akafungua. Hakumsalimu, wala hakuwajali waliosimama. Alimpapasa kifua, shingo, mgongo, anaangalia viganja vyake kama vina damu.

"Hawakukupiga?"

"Leo sikukuu, mke wangu," baba alisema, machozi yakimtoka. "Hapa hawapigi mtu."

Mama akamgeuza, akaanza kumpapasa upya.