Mzee Badi na Sharti la Futi Mia Tano

Marehemu Badi bin Rashid wa Jomvu Kuu, Mola amrehemu, hakupanda ndege hata siku moja. Lakini tangu alipostaafu ukarani wa ghala, mwaka 1993, alirusha ndege kila alasiri. Mpwawe alimletea kompyuta yenye mchezo wa urubani, nayo ikatwaa meza ya cherehani ya mkewe, Bi Barke.

Kurusha hakukumshinda. Kutua ndiko kulikomfedhehesha, na sababu ilikuwa adabu zake. Mtu akibisha hodi, Badi huachilia usukani, husimama, hutoa mkono, huuliza hali ya wazee na ya watoto. Akirudi, ndege ni vipande.

"Ya jana ilibeba wangapi?" jirani yake, Gershom Nguma, humchokoza. "Nijue matanga ni ya siku ngapi."

Bi Barke akachoka. "Baba Mwanasaumu, ukiangusha moja tena, wallahi, meza yangu nairudisha."

Ndipo Badi alipokisoma kitabu cha mchezo kama mwanafunzi wa fiqhi, akanakili sharti moja na kulibandika ukutani: ifikapo futi mia tano, pua iwe imeelekea njia ya kutua, mwendo uwe wa kiasi, magurudumu yawe chini, na kushuka kuwe kwa taratibu. Kimoja kikikosekana, usilazimishe; paa, uzunguke, uanze upya. Mimi niliyekuwa nikiswali naye nilimwambia hilo si geni kwetu: imamu hapigi takbiri hali safu zimepinda. Akacheka, akaongeza kwa wino mwekundu: "Na mlangoni pasiwe na mgeni."

Ijumaa moja alikuwa katika futi mia sita, kila kitu sawa, Bi Barke amesimama nyuma yake, tepu ya kupimia shingoni.

"Hodi!"

Alikuwa Bi Kulthum, mamake Barke. Na mkwe haamkiwi kwa mgongo.

"Karibu, mama!" Badi akatia nguvu zote za injini, akainua pua, ndege ikapaa. Kisha akasimama, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo? Mwanasaumu je? Na kile kikohozi chako?"

Salamu zikaenea nyumba nzima. Ndege ikazama mawinguni. Bi Kulthum akaiona kwenye kioo cha kompyuta. "Ina watu ile?"

"Mia moja, mama."

"Nawe wawaacha juu, wasimama na mimi? Hebu wateremshe!"

Badi akaketi, akazunguka, akalipitia sharti neno kwa neno, akatua pasi na mtikisiko.

"Alhamdulillahi," akasema mkwewe. "Barke!"

"Abee, mama," sauti ikatoka jikoni.

Bi Barke alikwisha kwenda na tepu yake, kuipima meza ya huko kama cherehani itaenea.