Kiti Nilichomkalishia Mama Mkwe

Nimekosa, jamani! Msinitafutie sababu. Kiherehere changu ndicho kimefanya mama mkwe wangu asiijue sura ya mwanawe.

Sisi ni wafugaji, huku Shinyanga. Kila jioni ng'ombe wakirudi, mama mkwe alisimama mlangoni mwa zizi akiwaita mmoja mmoja kwa jina, na mama zao, na bibi zao waliokwisha kuliwa zamani! Akipungua mmoja, anamtaja kabla mchungaji hajafumbua mdomo. Tukishakula anatutegea vitendawili. Tukishindwa, anatucheka mpaka machozi.

Basi mimi nikaanza masomo ya jioni kanisani. Nilipoweza kujisomea "Waheshimu baba yako na mama yako", kichwa kikavimba! Nikamwendea fundi, achonge kiti chenye mgongo.

"Mama, kaa. Kazi zako zimekwisha."

"Sasa nikikaa, mwanangu, nitafanya nini?"

"Utapumzika!"

Nikamnyang'anya ungo. Nikamnyang'anya zizi. Vitendawili nikaviita mambo ya kipagani. Wanawake wa kanisani wakanisifu: "Dada, mkwe wako anakaa kama malkia!" Nami najibu, "Ni neema tu," shingo imesimama kama ya mbuni!

Malkia gani, lo! Akaanza kusahau fimbo yake. Yakafuata majina ya ng'ombe. Halafu mimi mwenyewe: "Wewe mgeni, umekula?"

Mume wangu akarudi kutoka machimboni Geita. Akainama mbele ya kile kiti. "Shikamoo, mayu, mama yangu."

"Marahaba, baba. Umetoka mbali? Mwenye nyumba hayupo, mwanangu yuko Geita. Msubiri, hakawii."

Akanigeukia. "Mama watoto, umemfanya nini mama yangu?"

Nikaonyesha kiti! Eti nikaonyesha kiti!

Hata ng'ombe hatumfungii zizini mchana kutwa. Mama wa watu nikamfungia, tena kwa Maandiko!

Siku hizi kile kiti kuku ndio wanatagia. Mama nimemrudisha mlangoni mwa zizi. Majina mengine yamerudi, mengine wapi! Bado anamsubiri mwanawe arudi, na mwanawe amesimama hapohapo ubavuni mwake.

Wenzangu mnaopenda kusifiwa, mzee akitaka ungo, mpe ungo! Akikutegea kitendawili, kaa chini uumize kichwa. Msimzike mtu akili huku moyo unapiga.

Jana nilisimama kando ya zizi, nalia. Mama akanikazia macho.

"We mgeni, hapa hatukai bure! Shika ndama."

Nikashika.