Rupia ya Mama

Mama alipofariki Mombasa, dada yangu alinipa rupia ya fedha ambayo Mama alikuwa akiivaa shingoni. Upande mmoja ina jua lenye taji, upande wa pili mizani. Ilitolewa na kampuni ya biashara ya Waingereza iliyopewa hati na malkia wao kuitawala pwani yetu. Nilikuja nayo Birmingham, na Jumamosi moja nikamshawishi mume wangu anisindikize kwenye maonyesho ya sarafu, nijue zaidi habari zake.

Muuzaji mmoja mzee aliishika, akaigeuza chini ya taa. Alipoona tundu la mkufu, akakunja uso.

"Nani ameiharibu hivi?"

"Haikuharibiwa. Mamangu alikuwa akiivaa."

"Watu wenu wana mkono mbaya na vitu vizuri," akasema, kisha akamwonyesha mwenzake wa meza ya pili, wakacheka. Nilinyoosha mkono anirudishie. Hakunirudishia. "Unajua ilipigwa chapa hapa hapa Birmingham? Niachie mimi. Imerudi nyumbani."

"Nyumbani kwake ni shingoni mwa mamangu. Lete!"

Watu waligeuka. Akauliza kwa sauti, wote wasikie, kama nina uthibitisho kuwa ni yangu. Nikaikwapua mkononi mwake, ukucha wangu ukamkwaruza. Mume wangu muda wote huo alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndani ya gari nilimuuliza mbona hakusema neno.

"Niseme nini? Umetuaibisha kwa sababu ya takataka ya wakoloni. Kwetu Unguja tungeitupa. Mama yako alivaa kampuni iliyomtawala babu yake, akaona pambo."

"Rudia."

Akarudia, polepole, kama anayemfundisha mtoto.

Tulikuwa tumesimama kwenye taa za barabarani, mtaa wa Perry Barr. Nilifungua mlango nikashuka. Aliniita mara moja tu, taa zikabadilika, akaondoka. Nilipanda basi mpaka mjini, kisha treni ya Stechford, tunakoishi, rupia nimeibana kiganjani mpaka ikaniachia alama ya duara.

Siku ile ile niliitia mkufu mpya nikaivaa. Hajaniomba radhi, wala mimi sijamwomba. Nikikaa mezani nayo shingoni, yeye huchukua sahani yake akaenda kula sebuleni, mbele ya televisheni. Nami siivui.