Kichaka cha Nyuma ya Nyumba

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, nayo ni siku niliyoshika panga bila kuuliza. Njoo ukae hapa mkekani, na hilo panga lako liache mlangoni. Tangu asubuhi nakuona unakizunguka kile kichaka cha nyuma ya nyumba. Najua mama yako anakuja Jumapili, na hutaki akute binti yake kaolewa kwenye pori. Sikucheki. Au niseme nakucheka kidogo, maana najiona mimi mwenyewe nilipokuwa mkwe mgeni kama wewe.

Niliolewa na Masanja huku Kharumwa miaka ya sabini, muda si mrefu baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Mimi ni mtoto wa Songwa, kule kweupe, mgeni unamwona akiwa mbali, unabandika uji na unaiva kabla hajafika. Huku nikakuta miti, mbu, na mama mkwe asiyesema sana. Nililia, we acha tu. Nikienda kuni nalia, nikitwanga nalia. Watoto wake wote walimwita Mayu, yaani mama, na mimi nilitakiwa nimwite hivyo hivyo. Neno likanishinda, kwa sababu Mayu wangu nilikuwa nimemwacha Songwa. Basi nikawa namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, yanaishia hapo.

Uwanja wake ulifagiliwa kila alfajiri, ila nyuma ya nyumba kilikuwepo kichaka ambacho hakuna aliyekigusa. Ndani yake ilipanda mimea myembamba, imejishika kwenye vijiti kwa ncha za majani yake. Mimi niliona magugu.

Mvua zikiwa zimekolea, nikaletewa habari kwamba mama yangu anakuja kunitembelea. Kwetu kichaka karibu na nyumba ni nyoka, na kama si nyoka basi ni mwanamke mvivu. Mama mkwe alipokwenda mnadani, nikashika panga. Nikafyeka, nikang'oa mizizi kwa jembe, nikakusanya na kuchoma. Jioni pale palikuwa peupe kama Songwa, na mimi nimefurahi kweli.

Alirudi na kapu kichwani, akafika nyuma ya nyumba, akasimama. Kapu hakulitua. Nikadhani anashangaa usafi. Kesho yake mama yangu akaja, akausifia uwanja, na mama mkwe akamwambia, "Mmetupa mchapakazi." Mama akaondoka kichwa juu.

Alipoondoka ndipo nikaitwa.

"Kabula, ulimwonea nani aibu?"

"Mama yangu," nikajibu.

"Na kile kichaka, ulikiuliza kina nini?"

Kisha akanieleza taratibu, bila kupaza sauti, na afadhali angepaza. Kule porini walikoishi kabla ya kuhamishiwa kijijini kulikuwa na ua jekundu lenye njano, petali zake zimepinda kuelekea juu kama moto wa kuni kavu. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wameanza kuugeuza udongo wa kule, naye akahofia litatoweka. Siku ya kuhama alizifunga mbegu kwenye pindo la kanga, akazipanda chini ya kile kichaka ili zipate pa kujishika. Mvua za kwanza lilitoa jani moja tu, likakauka. Zilizofuata likarefuka kidogo. Lingechanua kwenye mvua zile zile nilipolifyeka.

"Nilipoletwa kama bibi harusi nililia kama wewe," akasema. "Ua lile ndilo lililonibembeleza. Nikasema huyu binti avumilie kidogo, nitamwonyesha."

Mwanangu, nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Kiangazi kilipoanza akanichukua, tukaenda kwenye hame lao, kule porini walikohama. Wachimbaji walikuwa wamechimba karibu kila mahali. Mmoja alituona tumeinama kwenye vichaka akatuuliza kama na sisi tunatafuta dhahabu. "Ndiyo," mama mkwe akamjibu, "ila ya kwetu nyekundu." Wakacheka wote. Na kweli, maganda yalikuwa yamepasuka yakiwa juu ya mimea, mbegu nyekundu zimejipanga ndani. Machache sana. Nikataka kuyachuma yote, akanishika mkono. Tulichukua chache za nyumbani, chache tukazifukia ng'ambo ya kijito ambako majembe hayajafika, na nyingine tukaliachia pori lenyewe.

Mbegu zetu tulizianika kivulini, tukazitunza ndani ya kibuyu tulichokitundika juu kabisa, maana ua hili lina sumu kwa mtoto na kwa ng'ombe. Mvua ziliponyesha tukazipanda. Nikakiacha kichaka kiote tena, majirani wakasema mke wa Masanja mvivu, nami nikawaacha waseme. Tukangoja jani moja, tukangoja tena. Asubuhi moja nikaenda kumwaga maji, nikaliona limewaka katikati ya majani. Nikajikuta nimeshatupa sufuria napiga kelele, "Mayu, njoo uone! Mayu!" Akatoka mbio, kanga haijafungwa vizuri. Hakulitazama ua kwanza. Alinitazama mimi.

Sasa nasikia hata ng'ambo ya kile kijito wamefika na majembe. Yaliyobaki kwa uhakika ni haya ya hapa kwako.

Kwa hiyo nakuasa, mwanangu: usisafishe nyumba yako kwa ajili ya macho ya mgeni hadi ukang'oa kilichopandwa kwa ajili yako. Ukikuta kitu nyumbani mwa watu hukielewi, kiulize kwanza, panga halitakimbia. Na ukienda kuchuma mbegu, chuma kidogo, pori nalo lina watoto wake. Kibuyu chenyewe cha mbegu ndicho hiki, shika, kuanzia leo ni chako. Jumapili mama yako akija, kiti chake kiweke kinatazama kichaka, wala usiombe radhi.

Mungu akupe mvua za kutosha na moyo wa kungoja. Na siku litakapokuchanulia, akujalie uwe na mtu wa kumwita aje aone. Mimi nitakuwa hapa hapa mkekani, nitasikia, hata kama badala ya Mayu utaniita kwa shikamoo.