Kadhi wa Sikukuu Pili

Mtaani kwetu Al Khuwair, sikukuu pili, siku ya pili ya Idi, wanaume huondoka asubuhi kwenda kuamkia jamaa. Sisi wanawake hufunga mlango wa sebule, tukacheza kadhi, mchezo wa kushitakiana. Bibi mzaa baba aliupokea mchezo huu kwa bibi yake, naye kwa mama yake huko Unguja, katika karne ya kumi na tisa. Wakati huo mabibi wa nyumba walikaa mikekani, na mjakazi ndiye aliyevishwa joho na kilemba akawahukumu. Neno lililosemwa mbele yake halikulipizwa kesho yake. Hilo ndilo sharti, na lipo mpaka leo.

Kila mwaka mimi nilikuwa askari wa mlangoni, kwa sababu askari hana la kusema. Mwaka uliopita nilikuwa nalo. Niliachishwa skuli darasa la sita nimuuguze bibi, alipovunjika nyonga. Sasa anapanda ngazi mwenyewe, lakini hakuna aliyeitaja tena skuli, nami sikuthubutu kumuuliza mama.

Siku hiyo bibi alikuwa kadhi, kapotea ndani ya joho la babu. Shangazi alikwisha kumshitaki mama kwa kumficha upishi wa halua.

"Nikufunze nini, wifi? Hata maji yanakuungulia!" mama akamjibu, na sebule nzima ikacheka.

"Nani mwengine ana mashitaka?" bibi akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Khaa! Kumbe askari ana ulimi!" shangazi akasema.

"Namshitaki mama. Kanitoa skuli nimuuguze bibi, na bibi keshapona."

"Basi kadhi naye yumo kwenye kesi!" Shangazi akapiga makofi. Mama hakucheka.

Bibi akanitazama. "Nimepona lini?"

"Tangu mwaka juzi, bibi. Unapanda mpaka darini kuanika nguo."

"Kweli nnapanda," akasema taratibu. "Nilinyamaza kwa kuwa nimeizowea chai yako." Akamgeukia mama. "Mpeleke, mwanangu. Nimeuguzwa, yatosha."

"Lakini huu si mchezo, mama?" mama akamuuliza mkwewe.

"Mchezo, ndiyo. Na hukumu umeisikia."

Sikukuu ilipokwisha, mama alinitia garini, tukaenda kuuliza madarasa ya jioni ya watu wazima, maana umri wa darasa la sita ulikwisha kunipita.

Njiani akasema, "Ungeniambia tu, mwanangu."

"Ningekwambia, ungesemaje?"

Taa ya barabarani ikawa nyekundu, akasimamisha gari.

"Ningekwambia ungoje," akasema.