Nilifundishwa injini za ndege, kisha nikajipeleka polisi mwenyewe: yaliyonipata jeshi la anga, 1982

Wakuu, nawasalimu wote, wa Kenya na majirani.

Juzi kijana mmoja aliuliza hapa recruitment ya jeshi la anga zamani ilikuwaje, watu wakamjibu kwa mzaha. Mimi nilipita huko. Naandika vile ilikuwa, bila chumvi, na mahali nimesahau nitasema nimesahau. Kiswahili changu ni cha Ukambani, mnivumilie.

Kwetu ni Matiliku, Makueni. Baba, tuliyemwita Tata, alikuwa mkulima wa mahindi na mbaazi, na mzee wa kanisa. Mtu wa serikali kabisa. Chief akisema watu wachimbe mitaro shambani, Tata yake ameshaimaliza.

Nilimaliza Form Four mwishoni mwa miaka ya sabini, physics na maths nimepita vizuri. Chief akatangaza kwa baraza kwamba jeshi la anga linachukua vijana. Wengi walidhani ni kwenda kuwa rubani. Hapana, walitaka mafundi.

Siku ya recruitment tulivua mashati uwanjani, tukakimbizwa hadi wengine wakatapika. Halafu daktari anakukagua kama ng'ombe wa mnada: meno, macho, magoti, nyayo. Kijana aliyesimama karibu na mimi, mwenye nguvu kunishinda, alirudishwa kwa sababu nyayo zake ni bapa. Alilia mbele ya watu wote. Tuliobaki tukakaa kwa vumbi, tukapewa hesabu za kufanya.

Nilipochukuliwa Tata alichinja mbuzi. Aliomba muda mrefu mpaka nyama ikapoa.

Kwanza walitupeleka Nakuru, mafunzo ya kuruta, kuvunjwa uraia. Baridi ya huko sikuwa nimewahi kuiona. Unakunja blanketi, sergeant anairusha chini, unakunja tena. Huulizi. Wakuu, ukiondoa kupiga kwata na kushika bunduki, huko unafundishwa kitu kimoja tu: amri kwanza, swali baadaye.

Halafu Nairobi, kusomea ufundi. Hapo ndipo nilipenda.

Asubuhi tulikuwa tunatembea kwa runway tukiwa mstari mmoja, macho chini, tukiokota vijiwe. Injini ya jet ikimeza kijiwe kimoja, imeharibika. Kila spana ilikuwa na mahali pake kwa ubao, umbo lake limechorwa hapo. Jioni spana moja ikikosekana, hakuna ndege inaruka na hakuna mtu anaenda kula.

Instructor wetu alikuwa senior sergeant mmoja mpole kutoka Western. Alikuwa akituambia, "Gari ikikufia unaegesha kando ya barabara. Huko juu hakuna kando."

Ndege ya kwanza niliyoshika injini yake ilipopaa, nilisimama pale na mdomo wazi kama mtoto. Rubani mzima alikuwa ameweka maisha yake kwa mikono ya mtu wa Matiliku. Ile raha sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu anajua.

Sasa tufike kwa uchungu wenyewe.

Agosti 1982 nilikuwa leave, nyumbani, nachoma matofali ya kujenga nyumba yangu. Jumapili hiyo redio ikaanza kusema mambo ya ajabu: serikali imepinduliwa, na waliopindua ni sisi, watu wa anga. Baadaye ikasema wameshindwa. Kisha likaja tangazo kwamba wanajeshi wa anga walioko nje ya kambi waripoti kituo cha polisi kilicho karibu.

Tulikuwa jikoni. Mama, ambaye tulimwita Mwaitu, alizima redio.

"Kyalo, enda Tseikuru kwa mjomba wako," akasema. "Kaa na mbuzi zake mpaka hii moto izime."

Tata akakataa. "Mtu hana kosa hajifichi. Akijificha, hapo ndio amejipa kosa."

"Na wakimpiga kwanza, ndio waulize?"

"Hiyo ni serikali, Mama Kyalo. Si majambazi."

Wakanitazama wote wawili. Nikasema nitaripoti. Msidhani ni kwa sababu ya Tata peke yake. Amri ilikuwa imetoka, na mimi nilikuwa nimetengenezwa hivyo.

Tata akaweka makaa kwa pasi, akainyoosha uniform yangu mwenyewe, mikunjo imesimama. Akanisindikiza hadi kituoni. Mkubwa wa kituo alitusalimia kwa mkono, akamwambia, "Mzee, umelea vizuri." Tukapewa chai. Niliona Tata amenyoosha mgongo kama bwana harusi.

Chai haijaisha, lorry ya wanajeshi ikaingia.

Nililazwa chini kifudifudi, kiatu kikawekwa shingoni. Uniform ile ilichanwa nikiwa nimeivaa. Nilikuwa nasikia Tata akipiga kelele, "Amekuja mwenyewe! Afande, huyu amekuja mwenyewe!"

Mmoja akamwambia, "Mzee, toka hapa kabla wewe pia hujapanda."

Ndivyo nilivyomwacha.

Ya huko kizuizini walikonipeleka sitaandika yote. Kuna watoto wanasoma hapa. Nitasema hii moja. Aliyekuwa ananihoji aliuliza nilikuwa wapi Jumapili. Nikamwambia nyumbani, nachoma matofali. Akacheka. "Nani anachoma matofali siku ya mapinduzi?" Nikamwonyesha malengelenge mikononi. Akasema hayo ni ya bunduki.

Sikio langu la kushoto halisikii mpaka leo. Liliishia kwa chumba hicho cha kuhojiwa.

Miezi ilipita. Siku moja tukaitwa, wengine wakapelekwa kortini, na sisi wengine tukaambiwa twende nyumbani. Hakuna shtaka wala samahani. Niliuliza nitarudi kazini lini. Yule afisa akaniangalia kama mtu anamhurumia mgonjwa wa akili. "Kazi gani? Jeshi lako lilivunjwa."

Nikashukia Mukuyuni, karibu na kwetu, na suruali ya mtu mwingine, fupi, inaishia juu ya vifundo. Watu walinijua, wakajifanya kuangalia kwingine. Siwalaumu. Siku hizo kunisalimia tu kulikuwa hatari.

Tata aliponiona aliinuka kwa kiti. Wakuu, kwetu mzee hamwinukii mtoto wake. Yeye alisimama mpaka nikakaa mimi kwanza. Mwaitu ndiye aliniambia baadaye kwamba alikuwa akienda kile kituo tena na tena na nguo safi kwa mfuko, wakimfukuza. Uzee wa kanisa alikuwa ameuacha mwenyewe. Alisema hawezi tena kuwaambia vijana watii.

Na Mwaitu hakuwahi kumwambia "nilikuambia." Hata mara moja. Nafikiri hiyo ilimuumiza Tata zaidi ya kelele.

Kazi nilitafuta. Kila mahali kwenye ndege walifurahia ufundi wangu mpaka waulize nilisomea wapi. Basi. Nikaishia kutengeneza posho mill za kusaga mahindi na pampu za maji, Mukuyuni. Nimelea watoto kwa kazi hiyo, siidharau. Lakini nisidanganye, kila ndege ikipita nilikuwa nageuka niangalie mahali pengine.

Nilidhani imeishia hapo.

Miaka ya tisini, ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, Mutinda, alimaliza shule. Recruitment ikatangazwa tena, jeshi la anga jipya. Kijana alikuwa na kila kitu: mwili, hesabu, mbio. Mwenyewe nilikuwa nimemfundisha physics kidogo. Asubuhi ya kwenda uwanjani, alimkuta Tata ameketi kwa stuli katikati ya lango, mkongojo umelazwa magotini.

"Tata, nipishe."

"Nilishawapa mmoja," Tata akasema.

Hayo ndiyo maneno pekee nilimsikia akisema juu ya jambo hilo mpaka akafa.

Mutinda akanigeukia mimi, machozi yanamtoka. "Mwambie, Kyalo! Wewe uliona ndege. Mimi nizeekee hapa na mbaazi?"

Nilitaka kumwambia aende, na nilitaka kumwambia abaki, yote mawili kwa moyo wangu wote. Halikutoka hata moja. Mutinda hangeweza kumruka mzee wake. Akarudi ndani, akatupa viatu vya kukimbia kwa ukuta.

Yuko Matiliku mpaka leo. Analima. Tunakutana kwa mazishi, tunasalimiana kama wageni. Hata yeye watu wa lorry ile walimchukua, bila kumgusa.

Funzo langu ni dogo. Ukiitwa kuripoti mahali na huna kosa, ripoti, lakini usiende na baba yako peke yake na nguo iliyopigwa pasi. Enda na chief, enda na pastor, enda na wakili kama unaweza. Ukweli ukienda peke yake unapigwa.

Kijana aliyeuliza, jibu lako ndilo hilo. Na kama hapa kuna aliyetoka leave mwaka huo akaripoti kama mimi, aandike hata mstari mmoja tu. Na nyinyi wengine niambieni: siku ile pale langoni, mngemwambia Mutinda nini?