Nilibishana na Tumbo la Mkwe Wangu

Kosa ni langu, sitafuti wa kumsingizia. Naficha jina kwa sababu huku kijijini Vudee, milimani Upareni, tunajuana wote.

Mwanangu wa pekee alimleta mchumba wake kutoka Tanga. Binti mpole, shikamoo yake anapiga goti. Ila kwenye chakula, jamani! Nikimwekea chai ya maziwa, anaomba ya rangi. Andazi haling'ati mpaka aulize, "Mama, umelikandia maziwa?" Mkate wa dukani anausoma karatasi kwanza. Akanieleza kwamba maziwa yana sukari yake ambayo tumbo lake haliwezi kuisaga, yawe mabichi, yawe ya unga, hata yakiwa kwenye keki au aiskrimu.

Mimi niliyekua kwa maziwa nikaona ananiringia. Watu husema sisi Wapare ni wabishi. Mimi nilibishana na tumbo la mtu.

Jumapili walikuwa watambulishwe kanisani. Mwanangu alitangulia kwenye kwaya kabla ya kula. Nikapasha kiporo cha makande, mahindi na maharage, nikakiungia maziwa kama tulivyozoea huku. Binti akauliza kama kawaida yake. Nikamjibu, "Nimeongeza nazi, mwanangu. Kula."

Kwa kuwa kwao nazi ndiyo mboga, alifurahi, akaomba nimuongeze. Moyoni nikasema, leo tutaona.

Tuliona. Mchungaji alipowaita mbele, jasho lilikuwa likimtiririka, mkono uko tumboni. Alikimbilia mlangoni, hakuwahi. Gauni aliloshonesha kwa ajili ya siku ile lilichafuka mbele ya kanisa zima. Nikamfunga kitenge changu kiunoni, na kina mama wakanisifu kwa upendo wangu.

Nyumbani binti alimwambia amekula makande ya nazi tu; mwanangu akafunua sufuria, akaonja. Makande hayo nimemlisha tangu anaota meno.

"Mama, hii siyo nazi."

Jioni ileile waliteremka Same.

Walioana. Wana binti, wamempa jina langu kama desturi yetu inavyotaka, lakini nimemwona kwenye simu tu. Nilimwomba mkwe wangu msamaha, akasema amenisamehe. Nikamsihi waje. Akanijibu kwa adabu zake zilezile, "Tutakuja, mama. Nitabeba chakula changu." Bado hawajaja.

Ndugu zangu, mtu akikwambia chakula fulani kinamdhuru, mwamini. Usimpime.

Siku hizi naagiza nazi kutoka Same. Nimejifunza kuikuna na kuikamua, na makande yangu yanatoka vizuri. Nayala peke yangu.